Mlango Uliobisha Hodi

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo kwenye karakana yake, vumbi la mbao hadi kwenye kope na penseli sikioni, atakwambia hata kabla hujauliza: wapo wajinga wa kuzaliwa, wapo wa kusomea, na yeye ni mjinga wa kuajiriwa. Aliitwa rasmi, akapewa kazi, akaifanya kwa ustadi, ujinga ukakamilika. Mlango wenyewe upo mpaka leo kwenye makumbusho, kabari imerudishwa mahali pake, na mhifadhi amepiga marufuku utani wa aina yoyote ndani ya chumba kile.

Watu walimwita Fundi Masihara. Jina la kwenye kitambulisho alikuwa nalo, ila hata mkewe alilazimika kufikiri kidogo kabla ya kulitaja. Maisha yalikuwa yamemchapa vya kutosha: karakana yake ya kwanza iliungua, ya pili iliangukiwa na ukuta wa jirani, na hii ya tatu alisema anaifungua ili mafuriko nayo yasije yakalalamika kwamba yamebaguliwa. Mtu akipigwa hivyo huchagua moja, kununa au kutania. Yeye alichagua kutania, kwa sababu kununa, alisema, kunataka nafasi na yeye ana kazi za watu.

Utani wake mkubwa ulikuwa wa mlangoni. Kila akirudi nyumbani alibisha hodi kwa sauti ya mtu mwingine: leo msoma mita, kesho mwalimu mkuu, keshokutwa bibi kizee aliyepotea njia. Mkewe hakumwitikia hata siku moja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wakati huo yuko likizo ya uzazi na kichanga chao, wanafunzi walimwita Wembe, na walimwita hivyo wakiwa mbali. Nyayo za mumewe alizitambua tangu kona ya mtaa, tena alikuwa na msimamo wake kwamba upuuzi ukijibiwa huzaa. Basi Masihara alisimama, hodi, hodi, hodi, kimya. Kisha akasukuma mlango, akaingia, akaambiwa avue viatu.

Sasa, makumbusho ya mji yaliletewa mlango.

Ulikuwa mlango mzima na fremu yake, uliofukuliwa kwenye mchanga wa mji wa kale ambao hakuna ajuaye uliitwaje. Mhifadhi, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, ambaye kila mtu alimwita Dokta, ndiye aliyeongoza ufukuaji. Alitaka mlango usimame katikati ya ukumbi, mbali na ukuta wowote, ili watu wauzunguke na kuutazama pande zote. Kwa hiyo akamwita Masihara autengenezee miguu ya kuusimamisha.

Masihara aliingia ukumbini asubuhi na mzaha wa kumwamkia Dokta ukiwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Akauona mlango. Mzaha ukarudi ulikotoka.

Alikuwa ametengeneza milango tangu ana ndevu za kuhesabika, na aliamini hakuna mlango unaoweza kumwambia kitu kipya. Huu ulikuwa mweusi kama mti uliotoka majini sasa hivi, na ulipoguswa ulikuwa mkavu. Haukuwa na msumari wala bawaba. Ulizunguka kwa ncha zake mbili, ya juu na ya chini, zilizokaa kwenye matundu yake kama mfupa kwenye kiungo. Na ulichongwa wote. Kilichochongwa kilikuwa milango. Ndani ya kila mlango mdogo palikuwa na mlango mdogo zaidi, na ndani ya huo mwingine, mpaka akapiga magoti na kusogeza jicho, na kusogeza tena, na kule ambako macho yake yalishindwa patasi ya yule fundi wa kale haikuwa imeshindwa. Ilikuwa bado inaendelea. Masihara alihisi kizunguzungu cha mtu aliyechungulia kisima akakuta nyota.

"Dokta," alisema taratibu, "aliyefanya kazi hii alikuwa na mke?"

"Nitajuaje? Kwa nini?"

"Hakuwa naye. Angeitwa kula kabla hajamaliza."

Dokta alicheka kidogo, lakini macho yake hayakutoka mlangoni. "Kila nikiutazama nasahau nilichokuja kufanya," alisema. "Mji ule, fundi, tuliukuta umetulia. Vyungu viko mekoni. Mikeka imetandikwa. Viatu vya watoto vimepangwa ukutani. Hakuna ukuta uliobomoka, hakuna moto uliopita, hakuna mfupa. Na nyumba zote hazina milango. Zote. Huu peke yake ndio uliosimama, katikati ya uwanja, umepigwa kabari."

"Watu wakaenda wapi?"

"Ningejua ningekuwa napata usingizi."

Kwenye kizingiti cha juu palichongwa uso mmoja mpana, wa mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja. Masihara aliunyooshea penseli. "Na huyu mzee?"

"Nadhani ni adabu. Kama kusema, hapa ni pa heshima, nyamaza."

"Au jino lilikuwa linamuuma."

"Fundi Masihara." Dokta alivaa miwani, ishara kwamba cheko limefungwa. "Fanya utakavyofanya, ila kabari ile usiiguse. Tumeikuta hapo, na hapo itakaa." Akaenda zake mwisho wa ukumbi, alikokuwa akipanga vyungu kwenye kabati la vioo. Makumbusho hayakuwa na wageni siku hiyo. Yalifungwa kwa matayarisho, na jua la karibu na adhuhuri lilikuwa likimwagika sakafuni bila mtu wa kulikanyaga.

Fundi wa milango ana ugonjwa mmoja, na dawa yake haijapatikana: hawezi kuona mlango usiofunguka akaupita. Daktari hawezi kupita mtu anayekohoa, mwalimu hawezi kupita neno lililoandikwa vibaya ukutani. Masihara aliifunga miguu ya mbao kwenye fremu, akakaza, akaweka pima-maji juu ya kizingiti. Povu la kwenye kioo chake likakataa kukaa katikati. Akainua upande huu, akashusha ule, povu likakaa pembeni kama mtoto aliyesusa. Kilichokuwa kikiusukuma mlango ni kabari, na fundi yeyote angeliona hilo. Akajiambia: naitoa, naunyoosha, naipiga tena, Dokta hata chungu cha pili hajakiweka. Heri hata angejiambia hivyo kwa mashaka. Alijiambia kwa furaha.

Akaigonga kwa nyundo ya mti, kidogo kidogo, kabari ikatoka na kudondoka. Povu likateleza lenyewe hadi katikati, likatulia. Masihara akatabasamu kama mtu aliyeng'olewa mwiba.

Ndipo upande wa pili wa mlango, ambako hapakuwa na kitu zaidi ya sakafu na dirisha, mtu akagonga. Aligonga kwa adabu, kwa kifundo cha kidole kimoja.

"Hodi."

Masihara akauzunguka mlango, akatazama nyuma. Sakafu. Dirisha. Jua. Akarudi mbele.

"Hodi," ikasema tena. Usiniulize kiumbe cha kale kilijifunzia wapi lugha. Anayesimama mlangoni muda mrefu hujifunza angalau neno la kuingilia. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kusimama, asiye na hasira, asiye na haraka, kama msafiri aliyeshusha mzigo na hana hakika kama ataweza kuunyanyua tena.

Sasa elewa jinsi mtu anavyojiponza. Masihara alikuwa amebisha hodi za uongo miaka mingi bila kuitikiwa. Akafikiri ni askari wa getini, kijana wa watu mwenye mizaha yake, amejificha mahali. Hatimaye duniani kumepatikana mtu wa kumrudishia utani! Moyo wake ulichanua. Hodi ya tatu ilipokuja, akasimama wima, akavuta suruali juu, akajibu kwa sauti ya mwenyeji aliyeshiba:

"Karibu, karibu sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Pita ndani usione haya, nyumba ni yako."

Kwenye kabati la vioo, chungu kikagonga kioo. Dokta alikuwa amesikia.

Mlango ukafunguka. Haukulia, haukukwaruza, ulifunguka kama jicho linavyofunguka. Na ndani ya fremu ile, ambako macho ya Masihara yalikuwa yameona dirisha sasa hivi, hapakuwa na dirisha. Palikuwa na nchi.

Ilikuwa nchi tambarare, ya mchanga mweupe, chini ya mwanga usiokuwa wa asubuhi wala wa jioni, na haikuwa na mwisho. Na nchi nzima ilisimamishwa milango. Milango ya mbao, ya ngozi, ya mabua, ya mawe, mipana na myembamba, kila mmoja umesimama peke yake bila nyumba, safu nyuma ya safu, mpaka ilipokuwa midogo kama ile iliyochongwa, na zaidi ya hapo. Mbele ya kila mlango alisimama mtu. Wanaume, wanawake, watoto bila viatu. Kila mmoja ameinua mkono, kidole kimekunjwa, anataka kugonga. Na kutoka kwao wote kulikuja mnong'ono mmoja, kama mvua inavyosikika ikiwa bado iko mbali: hodi, hodi, hodi.

Masihara hakuogopa mara ile. Anakiri hivyo, na anasema ndilo linalomtisha mpaka leo. Ukubwa ule ulizidi hata woga ukakosa pa kushika. Alisimama tu, mdomo wazi, nyundo mkononi, akijiona kama mchwa aliyefunguliwa kabati la nguo la mfalme.

Kisha akauona mlango wa kijani.

Ulikuwa safu ya mbele, karibu kiasi cha kuugusa. Chini kushoto ulikuwa na kiraka cha mbao ya rangi nyingine. Kiraka hicho alikipiga yeye, panya walipotoboa, akaahidi kukipaka rangi wiki ile ile, na mkewe hajaacha kumuuliza ni wiki ya mwaka gani. Ulikuwa mlango wa nyumba yake. Mbele yake hapakuwa na mtu. Mchanga ulikuwa umefagiliwa vizuri, kama mahali panapotayarishwa kwa ajili ya mtu fulani.

Hapo ndipo woga ulipopata pa kushika.

Kitu kikapita. Hakukiona. Alisikia kikiinama, muda mrefu, kama mti mkubwa unavyoinama kabla ya kuanguka, ili kipite chini ya kizingiti kile kirefu. Harufu ya nyumba iliyofungwa miaka mingi ikamjaa puani. Sikioni mwake, kwa upole, sauti ikasema, "Ahsante." Kisha vioo vya makabati vikaanza kupata ukungu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetembea akivipumulia, mpaka mwisho wa ukumbi. Mlango mkubwa wa makumbusho ukafunguka na kufungwa taratibu, kama afanyavyo mgeni mwenye malezi.

Dokta alikuwa amesimama kiganja mdomoni. Alitazama kizingiti, akautazama ule uso, akautoa mkono wake na kuutazama kama si wake.

"Si adabu," alisema. "Ni onyo. Wanasema usijibu." Kisha, "Umemwambia nini, fundi?"

"Nimesema karibu."

"Baada ya karibu."

"Nimesema nyumba ni yako."

"Nyumba ipi?"

Akatazama ukumbi, makabati, dari ya juu. "Hii si yangu," alisema. "Mimi nina moja tu."

Dokta hakupoteza muda kumlaumu, na kwa hilo Masihara humheshimu hadi leo. Aliushika ule mlango kwa mikono miwili, akaukingia bega. "Nenda. Mimi nitaushikilia ukae wazi. Akirudi ni lazima apate pa kupita, asipopata tutabaki naye huku."

"Dokta, ukisikia hodi kutoka huko ndani…"

"Nimeelewa." Akavuta ncha ya mtandio wake, akaiuma kwa meno, akamwonyesha njia kwa kichwa. Nyuma yake mnong'ono ulikuwa ukiendelea, na mashavu yake yalilowa machozi, maana sauti nyingi zilikuwa za watoto.

Masihara alikimbia. Mtu mnene kidogo, mwenye mkanda wa vifaa, akikimbia saa za jua kali, kwa kawaida ni burudani ya mtaa mzima. Hakuna aliyecheka. Mtaa ulikuwa kimya, na milango yote aliyoipita ilikuwa imejifungua kiasi, kama watu wanavyosimama kwa heshima mkubwa anapopita. Hata mlango wa duka la vyuma, ule wa kukunja, ulikuwa umejikunja hadi magotini. Paka walikuwa wamelala chali barazani, macho wazi.

Fundi cherehani wa kona alikuwa nje ya kibanda chake, kitambaa mkononi, sindano mdomoni. Aliitoa sindano. "Wewe si umepita sasa hivi?"

"Nimepita?"

"Umepita, nimekusalimia, umeninyamazia kama nakudai." Akamtazama juu na chini, kwa jicho la mtu anayepima watu kwa kuwatazama tu. "Na mbona ulikuwa mrefu?"

Masihara alitaka kusema, kaa mbali, funga kibanda, usimjibu mtu. Akafungua kinywa, na neno "funga" halikuwepo. Alilitafuta mahali lilipokaa siku zote, akakuta pako wazi. Akakimbia tena, na kila hatua neno likadondoka, kama mbao zinazodondoka kutoka mkokoteni uliofungwa vibaya: samahani likaanguka, nisaidie likaanguka, jina la fundi cherehani likaanguka, mizaha yote ya miaka yote ikaanguka njiani bila mlio. Alipofika kwenye geti dogo la nyumba yake, mtu aliyeitwa Masihara kwa wingi wa maneno alikuwa amebakiwa na neno moja. Lilikuwa limekaa kooni, limejikunja, linataka kutoka. Hodi.

Akaelewa. Akilisema hilo, kwake patakuwa kwa watu. Atasimama pale palipofagiliwa, mkono juu, na hatashusha tena.

Na barazani, mbele ya mlango wa kijani, alikuwepo yeye.

Mgongo ulikuwa wake. Ovaroli lake, mkanda wake, penseli sikioni. Lakini vyote vilikuwa vimezidi kidogo, kama nguo iliyoshonwa na mtu aliyeelezwa tu mvaaji alivyo. Kichwa kilikaribia bati la baraza. Jua lilikuwa utosini, vivuli vya vitu vyote vimejikunyata miguuni, na kivuli cha yule kilikuwa kimejinyoosha uani, kikapanda ukuta, kikaenda. Masihara alijaribu kuinua mguu avuke geti. Mguu ukamwambia, pole bwana, wewe hapa ni mgeni.

"Hodi," ikasema sauti yake, ile anayoitumia akijifanya msoma mita.

Kutoka ndani Wembe akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto amelala. Leo hodi zako ziache huko huko."

"Hodi."

"Mlango haujafungwa. Sukuma."

Yule hakusukuma. Alisimama, mikono kando, anangoja. Na Masihara, akiwa ameshika geti, akauona mkono wa mkewe ukishika pazia la dirisha, kwa sababu mwanamke aliyeishi na mtu miaka yote ile anajua jambo moja juu yake: Fundi Masihara hawezi kusimama mbele ya mlango asiusukume.

Pazia likasogea. Wembe alikuwa na kichanga chao begani, kimejikunja kama kobe. Akamtazama aliye barazani, kwanza usawa wa uso, kisha akapandisha macho, na kupandisha tena. Halafu akatazama mbali, akamwona wa getini.

Masihara hakuwa na neno la kumtupia. Alifanya lile pekee alilokuwa ameliona likifanywa: akajiziba mdomo, viganja vyote viwili, akatikisa kichwa.

Baadaye Wembe alisema kwamba yule mrefu alimshtua, hilo hakatai, lakini kilichomtia baridi mwilini ni kumwona mumewe amenyamaza kwa hiari.

Pazia likashuka. Masihara akasikia komeo ndani likisukumwa, taratibu, na mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

"Wewe ni nani?" Wembe aliuliza kupitia mlangoni.

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba namwona. Yuko getini amefunga mdomo, na huo ni muujiza tosha kwa siku moja."

"Amenipa." Sasa sauti haikuwa tena ya msoma mita wala ya Masihara. Haikupanda, ila ilipanuka, na kila mlango wa mtaa ule uliitikia kwa kulia kidogo kwenye bawaba zake. "Nilibisha, akasema karibu. Akasema nyumba ni yako. Neno likitoka halirudi."

"Hilo kweli," alisema Wembe. "Mume wangu ana maneno tele yasiyorudi."

"Wote walisema hivyo. Mji mzima. Niliingia nyumba ya kwanza, nikaambiwa ni yako. Ya pili, ni yako. Sikuchukua nisichopewa. Nimesimama tangu kabla watu hawajajua kukata mlango. Nimechoka, mama. Niambie neno moja niketi."

Na hewa mbele ya baraza ikawa nyembamba, na Masihara akaiona tena ile nchi, imejitandaza juu ya ua wake, juu ya kamba ya kuanikia na nepi zilizoanikwa, milango hadi upeo wa macho na mikono yote imeinuliwa. Ilikuwa kubwa, tulivu, na nzuri kwa namna inayokata pumzi, kama bahari ya watu wenye adabu. Ndani yake ombi lile lilisikika kuwa jambo dogo sana. Neno moja tu, ambalo mtu humpa hata muuza mkaa. Hata yeye, aliyekuwa akipotezwa, alijikuta akimwonea huruma.

Masihara alimjua mkewe: ulimi wake wembe, lakini hajawahi kumwacha mtu mchovu amesimama. Akasikia akivuta pumzi, ile fupi ya kabla ya kukaribisha. Akasikia midomo yake ikikutana na kuachana. Mtoto akaamka, akatoa sauti ndogo ya kuguna, akanyamaza. Neno la Masihara mwenyewe likampanda hadi kwenye meno, naye akaling'ata mpaka akaonja damu.

"Ngoja," alisema Wembe. Ilikuwa sauti ya darasani, ile anayoitumia kwa mwanafunzi aliyepata jibu bila kuonyesha njia. "Unasema alikupa."

"Alinipa."

"Kwa kinywa chake, na neno halirudi."

"Halirudi."

"Kwa hiyo hapa ni kwako, mimi ndiye mgeni."

"Ni kwangu," ikasema sauti, na bati la baraza likatetemeka.

"Haya," alisema Wembe. "Kama ni kwako, hodi ya nini?"

Bati likatulia: mwenye nyumba habishi hodi kwake, na mbisha hodi hana nyumba mpaka akaribishwe, basi kivuli kile kirefu kikashuka ukutani, kikarudi njia ya makumbusho, na kinywani mwa Masihara neno "funga" likarudi mahali pake.